Suti ya Meja Lusweti

Wasema Menengai imemmeza,
kwamba shimo lile huita watu kwa jina la ubatizo.
Wasema ana mke mwingine Moyale
na watoto waliorithi masikio yake.
Kinyozi wa Kiamunyi anaapa: gari jeupe,
lisilo na namba, saa kumi na moja alfajiri,
ingawa saa hiyo kinyozi huwa hajageuka ubavu.

Polisi waliuliza maswali matatu,
wakanywa chai ya mjane.
Mjane! Samahani. Ulimi umetangulia.

Mimi ni dobi tu.
Jumanne alileta suti ya kijivu,
akalipa yote, shilingi mia tatu,
akasema, "Jumamosi, Shikuku, bila kukosa,"
kwa sauti ile ya gwaride.

Mtoro hulipia suti?
Au hulipa madeni kwanza, ndipo atoroke?

Mfukoni mlikuwa na kikaratasi cha duka la dawa.
Nilikiona kikiwa kimeshalowa.
Nikakianika. Kikakauka cheupe,
bila hata herufi moja.
Sikumwambia mtu.

Lisemwalo lipo, wananiambia.
Lipo wapi?

Hii ni Jumamosi ya thelathini na nne.
Jana mteja aliniuliza, nami, Mungu anisamehe,
nikajisikia nikisema:
"Alionekana Busia. Amenyoa ndevu."

Meja hakuwa na ndevu.

Suti naipiga pasi upya kila mwisho wa mwezi.
Mlango ukilia,
natazama viatu kwanza.