Ufa wa Tangi la Wete

Usiku wa Jumanne kiwanda cha barafu kilipiga kelele moja,
kwaa! kama sahani ya pilau sakafuni,
kisha kimya, ila maji ya chumvi
yakitafuta pa kutokea.

Nimekuja na kompyuta na futi ya chuma.
Tangi nimeligawa pembetatu elfu tisa,
kila moja na hesabu ya uvumilivu wake,
nikamimina baridi, nyuzi kumi chini ya sifuri,
nikauachia ufa uende.

Chuma chenye joto kina subira:
kinavutika, kinajikunja, kinakupa siku ya kujua.
Chuma kilichoganda hakina maneno mawili.

Kwenye kioo changu ufa ukakimbia hadi ukingoni.
Mara sabini nimejaribu,
mara sabini tangi vipande viwili.
Na tangi lenyewe hili hapa, limesimama,
ufa umekoma sentimita ishirini na tisa
toka kwenye kona ulikozaliwa,
ncha yake nyembamba kama unywele wa kope.

Nani kakuzuia?

Michoro haisemi. Meneja Asaa
anauliza samaki wa watu watalala wapi.
Nikakwangua rangi: buluu, kijivu, buluu tena,
nikaona mshono, na kiraka cha chuma chengine,
rangi ya chai iliyolala.

Shaame Kheri, mchomeleaji, akaja na miwani shingoni.
"Hicho? Mwaka ule wa karafuu nyingi.
Bati la kufanana halikuwepo Pemba nzima,
nikakata fremu ya lori bovu pale Chasasa.
Mkaguzi alinifokea. Nikamwambia nitabadilisha.
Sikubadilisha."

Chuma laini, chuma kisicho na makuu,
kiliupokea ufa, kikanyumbuka nao,
kikazila mbio zake hadi zikaisha.

Wahenga wanataka ufa uzibwe.
Huu tuliutoboa. Kwa keekee, pale pale nchani,
tundu la milimita kumi na mbili;
ufa hutafuna kwa ncha,
na duara halina pa kuuma.

Jioni nikarudi kwenye hesabu, nikatia kiraka,
pembetatu mia mbili zenye ulegevu wa lori.
Ufa ukaenda. Ukapunguza. Ukasimama
kwenye sentimita thelathini na moja.

Mbili sizijui zilikokwenda.
Nikampigia Shaame. Akacheka,
nyuma yake cheche zinasikika:
"Hizo mbili, mhandisi, ni mkono."

Nimeiandika hivyo hivyo kwenye ripoti.
Mkono: sentimita mbili.