Jina la Ukoo kwa Herufi Kubwa

Jumanne, kabla ya chai, mtu kanisogezea fomu
yenye dole la grisi kwenye pembe.
Mtoto: wa kike. Kazaliwa Ihumwa, kilo tatu na robo.
Jina la kwanza: Sechelela. La baba: Ndahani.
La ukoo: DEMIRJI.

Nilivua miwani. Nikamtazama mama, nikamtazama baba,
nikamtazama na mtoto, Mungu anisamehe,
namtafuta Mturuki usoni mwake.
Mtoto akapiga chafya. Mgogo mtupu, paji la babaye.
"Mturuki yuko wapi?"
"Aliondoka reli ilipokwisha," akasema baba.
"Ila si baba wa mtoto. Ni baba wa jina."

Foleni ikacheka. Feni ya dari ikaendelea kukwaruza.

Akanieleza, mkewe akimvuta shati afupishe:
miaka minne alichomelea vyuma chini ya Nejideti,
mtu wa masharubu ya rangi ya chai,
aliyekunywa chai kwa vigilasi visivyojaa kiganja
na kumwita kila fundi "usta"
(ustadi, nikawaza, ustadhi; neno lilimtangulia kufika).
Kofia yake iliandikwa Demirci.
Wakisoma "Demirchi" anatikisa kichwa: hiyo c ni j.
Maana yake? Mhunzi. Mfua chuma. Basi.

Kwao zamani hapakuwa na majina ya ukoo.
Mtu alikuwa Hasani wa Huseini, au Hasani Kigugumizi.
Mwaka thelathini na nne ikatoka sheria, kila nyumba ichague.
Karani akafika Divrigi, kwenye machimbo ya chuma,
akaweka meza juani, akamwuliza babu: "Kazi yako?"
Akaiandika kazi. Wino ukakauka.
Na mhunzi wa mtaa wa pili, wasiyechangia hata kikombe,
akapewa lilelile.

Ndiyo maana wako wengi wasiojuana.
Mmoja anaoka mikate Kolon, wateja humwita Demirtsi,
amechoka kuwasahihisha.
Mmoja anang'oa meno Rotterdam.
Melbourne limepakwa ubavuni mwa gari la fundi bomba.
Kwa Wagiriki liliota mkia, kwa Waarmenia mkia mwingine.

"Na Ihumwa?"
"Ihumwa niko mimi."

Siku ya kuagana Nejideti alimwachia barakoa ya kuchomelea,
jina juu ya kioo, kwa rangi nyeupe.
Akafungua banda, akaivaa, akatengeneza mageti na vitanda.
Wateja hawakuuona uso; walisoma.
"Wanaonidai hunitafuta kwa jina hilo.
Mwenyekiti wa mtaa ameniandika hivyo kwenye daftari.
Ukiuliza Ndahani, mama, utazunguka mpaka jua lizame."

Kalamu yangu ikabaki hewani.
Mezani kwangu pana kibao: E. SITINI.
Babu wa babu yangu alibeba mataruma Saranda,
reli ile ya kwanza, ya Mjerumani.
Hakuulizwa jina wala kazi;
kazi ilijulikana, na jina lilikuwa refu.
Alivishwa bati la nambari shingoni.
Alizikwa nalo, wanawe wakalirithi.
Leo Sitini tuko Manyoni, tuko Bahi,
mmoja ni askari magereza Mwanza, hatupigi simu.
Hamsini na Tisa sijapata kuwasikia popote.
Huwa nawawaza, hasa foleni ikiwa ndefu.

Kuna kanuni, nilipaswa kumwambia. Kuna kiapo, kuna ada, kuna wakili.
Nilimwambia. Akatoa mfukoni kiapo, kimekunjwa mara nane,
muhuri wa wakili umeingia jasho.

Nikabakiwa na swali moja:
"Kwa c au kwa j?"

Baba akafungua kinywa.
Mama ndiye aliyejibu, asubuhi nzima neno lake la kwanza:
"Kwa j. Asije akahangaika shuleni."