Vipimo vya Mtu wa Kushuka

Mchopa aliingia na daftari lake la fizikia
akauliza bei ya suti
ya mtu mmoja, ya kuvaliwa mara moja,
ya kushukia duniani chombo kikivunjika huko juu.
Nikamwambia vua koti, nikupime.

Kifua thelathini na nne. Mkono ishirini na tatu.
Andika na kasi, fundi:
Mtwara hadi Lindi kwa sekunde kumi na nne.
Nikaandika, pale panapokaa kiuno.

Tukaenda Shimo la Mungu, ukingoni kabisa,
tukaachia kandambili iliyokatika.
Ilizama ikipepea kuelekea bonde la Ruvuma.
Haikuungua.
"Kuanguka si tatizo," alisema,
"tatizo ni hewa kukosa muda wa kukupisha."
Akaziba mdomo wa pampu ya baiskeli kwa gumba,
nikasukuma, nikasukuma, mpaka chuma kikaniuma kiganja.
Sasa zidisha, fundi. Zidisha tena.

Usiku sikushona kitu.
Nina khaki, nina turubai la lori,
nina miaka thelathini na moja hapa Newala
na najua nguo hufia wapi: kwenye mshono.
Kila tundu la sindano ni mlango
na moto haupigi hodi.
Kwapa, shingo, nyuma ya goti,
binadamu ana kona nyingi mno.

Asubuhi Somoe Nangumbi alikuwa anachoma korosho uani,
mafuta ya ganda yakashika, moshi mweusi,
akageuza uso, akamwagia mchanga.
Akagonga moja kwa jiwe, akanipa.
Nyeupe.
Ganda halikuushinda moto.
Liliukubali, likaliwa kidogo kidogo,
na zamu ya punje ikachelewa kufika.

Basi iwe hivyo: nguo ya kuisha njiani,
tabaka baada ya tabaka, nene mgongoni,
na mishono yote mbele.
Ashuke chali,
akitazama alikotoka.

"Lakini kila karai," Somoe alisema, macho mekundu,
"zipo zinazoungua mpaka ndani."
Ngapi?
"Muulize moto."

Kwenye risiti nimeandika:
Kitambaa, bado hakijapatikana.
Kuja kujaribu, haiwezekani.
Siku ya kuchukua, nimeacha wazi.
Kianzio, shilingi elfu mbili,
noti moja, imekunjwa mara nne.
Nimeipokea.
Iko chini ya cherehani, sijaigusa.