Oksijeni si Metali

Baba alicheka hadi kikohozi kikamkaba
siku nilipomwambia kwamba kwetu, watu wa darubini,
kila kilichozidi hidrojeni na heli
ni metali: kaboni, nitrojeni, hata hewa unayovuta.
"Oksijeni nayo metali?" akauliza Rosendo Cutipa,
miaka thelathini na mmoja tanurini Chuquicamata,
mtu aliyeijua shaba kwa harufu kabla haijaiva.
"Basi waambie hao mabwana wako
waje wanifulie sufuria ya pumzi."

Baba, leo nimekesha na Wingu Dogo la Magellan.
Chai ya koka imepoa. Yerko anasinzia na viatu vyake.
Nje jangwa, kavu kama ulimi wa mgonjwa,
na kwenye kioo kundi changa la nyota
lililozaliwa mtaa wa ukata:
metali zao ni moja ya tano tu ya zetu.

Nikueleze tena, maana uliondoka sijamaliza.
Wingu la gesi likitaka kuzaa
sharti lipoe. Kilichopoa ndicho kigawanyikacho.
Na kinachopoza, usicheke, ni uchafu:
kaboni, masizi, punje za vumbi
zitoazo joto nje kidogo kidogo,
kama mlivyokuwa mkikomba mavi ya shaba
usiku kucha, kwa zamu.

Wingu lisilo na vumbi hubaki na hasira zake.
Hujirundika,
hujirundika,
hata likizaa huzaa pandikizi la nyota.
Ndivyo walivyokuwa wa kwanza, vumbi halijakuwapo:
wakubwa, wa buluu, bila ndugu,
wakabugia urithi wote kwa pupa
wakapasuka mapema.
Vumbi lote hili tumeachiwa na marehemu hao.

Bali wingu lenye vumbi hugawa. Huyu kidogo, yule kidogo.
Vijinyota vyekundu, vingi,
kama sisi saba wa mama Eduvina na mkate mmoja,
na kila kimoja kitadumu kupita hesabu zetu.

Hivyo ndivyo isemavyo nadharia.
Mimi nimevihesabu vidogo mara tatu.
Ni vichache kuliko vya kwetu. Au vimefifia mno.
Yerko aliniambia jana, akitafuna kalamu:
"Usiape, Yasna. Huenda wingu halikuvizaa,
huenda ni macho yetu hayafiki."

Nakumbuka daktari wa Calama
alivyoinua picha ya mapafu yako dirishani.
Madoa meupe, yametapakaa giza zima.
Akaanza kuyahesabu kwa ncha ya kalamu, akaacha.
"Silika," alisema. "Vumbi la mawe.
Silikoni, na oksijeni."
Ukanigeukia, ukaguna:
"Haya. Kwa hiyo, nakubali. Metali."

Saa kumi na moja. Kuba linaanza kufungwa.
Naanza upya, safari hii
kwa vile vilivyofifia.