Kufeli

Neno hili halikuzaliwa kwetu.
Lilikuja na reli, na chaki, na kalamu nyekundu,
likavishwa ku- kama mtoto anavyovishwa sare,
likasimama foleni moja na kulima, kupika, kuzika.
Mimi lilinikuta Butere, mwezi wa Februari,
kwenye ubao wa matangazo ulioliwa na mchwa:
Nafuna Osundwa. D,
na kijistari kando yake kama njiti ya kiberiti.

Walisema nimeanguka. Si kweli.
Anayeanguka husikia kishindo, akajipangusa vumbi.
Mimi nilisimama palepale, soksi zimepanda hadi gotini,
ila ardhi ndiyo haikuwapo.

Jioni hiyo baba alitoka kwenye mizani ya miwa.
Tani kumi na moja kwa macho yake na ya dereva wa trekta;
karatasi ilisema saba.
Wakakata mbolea, wakakata usafiri,
wakakata hata gharama ya kukata.
Mkulima ndiye akabaki na deni.

Hakuniuliza kitu.
Aliteremsha kamusi kutoka juu ya kabati,
ile ya mitumba ya Kibuye, isiyo na jalada, inayoanzia katikati ya B.
Baba hakuamini kitu kabla ya kujua kimetoka wapi,
hata kuku, aliuliza kanunuliwa kwa nani ndipo anawe mikono.
Akasoma kwa kidole, miwani imefungwa uzi.

"Kumbe Waingereza nao waliazima.
Walilitoa kwa Wafaransa, Wafaransa walilirithi kwa Warumi.
Na huko kwa Warumi, mama, lilikuwa kuhadaa."

Akafunga. Akafungua tena, kuhakikisha.

"Sasa tazama. Kuhadaa kunataka watu wawili.
Mmoja anahadaa, mmoja anahadaiwa.
Huko njiani, sijui bandari gani,
yule wa kwanza alishuka akaenda zake.
Tukaletewa mmoja tu, na kosa zima mabegani."

Nilifikiria maabara iliyofungwa tangu kidato cha pili,
ufunguo ukiwa kwa mtu aliyehamishiwa Lodwar.
Nilifikiria mwalimu wa hesabu, wiki tatu kwa muhula,
na nyani aliyechorwa ubaoni wiki zilizobaki.

Baba akachukua penseli.
Nyuma ya karatasi ya mizani akaandika
nimefeli, akaifuta kwa mate na kidole,
akaandika nimefelishwa,
akaitazama kama mtu aliyeokota shilingi yake mwenyewe.
"Kiswahili hakimwachi mtu atoroke," akasema. "Andika na wewe."

Niliandika. Kisha, kwa kuwa alikuwa ananitazama,
nikaongeza chini, kwa herufi ndogo:
Historia nilijifelisha.
Usiku ule nilikuwa kwa disko matanga, kwa kina Wesonga,
nikirudi umande umeloa viatu.

Alicheka hadi miwani ikakatika uzi.
Tukautafuta sakafuni kwa koroboi, wote wawili,
karatasi tumeibana kwenye F.