Milimita Tatu

Heino alinipigia simu Jumapili, theluji ikiwa goti Viljandi,
akasema: Kaie, nataka mlango usiojulikana kuwa mlango.
Nikacheka. Wateja wangu wa namna hiyo
huwa na mvinyo wa kuficha, au bunduki za babu,
au watoto wanaotaka kwenda kulala kupitia kabatini.
Hakucheka.
Ni mlango wa mbele, akasema.

Nikaenda na timazi, na rula, na Rasmus mwanagenzi wangu
anayebeba kila kitu isipokuwa subira.
Leida alikuwa amesimama ukumbini,
koti limefungwa vifungo vyote, miguuni ndara za sufu,
mkono kwenye kitasa.
"Nimechelewa kazini," akaniambia.
Kiwanda cha vinanda kilimpa maua kikamuaga
miaka kumi na tisa iliyopita.
Wiki ile alikuwa amefika ziwani,
juu ya barafu, kichwa wazi,
akiuliza basi la saa kumi na mbili.

Basi tukazungumza vyuma, mimi na Heino, jikoni,
kwa sauti ya wanaopanga mazishi.
Bawaba za ubavuni usinunue, nikamwambia.
Rafu ikijaa vitabu ni kilo mia na themanini;
zitainama kabla ya Pasaka,
mbao itakwaruza sakafu, itachora nusu duara,
na nusu duara ni mdomo, itasema yote.
Chukua maegemeo, moja sakafuni, jingine juu,
ya chuma cha pua, yenye beringi.
Shaba? Shaba ni ya macho. Mzigo hauna macho.
Tundu la ufunguo, hapana.
Komeo la sumaku, la umeme,
moshi ukinusika liachie lenyewe.
Hilo sibishani, hata ukinilipa mara mbili.

Na kitabu gani utavuta ufungue?
Akafikiri mpaka chai ikapoa.
"Kamusi ya Kifini," akasema. "Hajapata kuipenda."

Kati ya rafu na mwimo, milimita tatu.
Mbili, na Julai mwaloni utavimba, utakwama.
Nne, jicho litaiona.
"Hili ni gereza," Rasmus akanong'ona, skrubu kinywani.
Nikampa msasa. Mwaloni una ncha nyingi,
na mimi jibu sikuwa nalo.

Siku ya tano tukapanga vitabu.
Heino alikuwa akivifuta vumbi kimoja kimoja,
taratibu kuliko vumbi lilivyohitaji.
Leida akaja na koti lake.
Akatazama pale palipokuwa na kitasa.
Penye nia pana njia, husema watu,
wala hawasemi nia ya nani.
Akaanza kugonga kwa kifundo cha kidole:
kushoto, zito. Zito. Zito.
Akasita. Akainamisha sikio.
"Hapa," akasema, "sauti imeshuka nusu."
Akaweka shavu kwenye ufa,
na Februari ikampulizia, milimita tatu tu.

Heino akageukia dirisha.
Mimi nikashika bisibisi yangu kama mwizi aliyefumwa.

"Nani fundi?"
Mimi, mama.
"Kazi safi. Ila inavuja."
Akaenda chumbani, akarudi na kopo la biskuti,
ndani sufu nyekundu, nene, ya nyundo za vinanda,
na mkasi wenye ncha fupi.
Akakata ukanda baada ya ukanda, bila rula.
Nikapima wa kwanza kwa siri: upana sawasawa.
Wa pili sikuupima.
"Gundi," akasema, bila kunitazama,
nami nikampa, nikiwa mwanagenzi.
Akaziba ubavu, akaziba juu,
akapiga magoti, tukamshika, akaziba chini.
Kisha akagonga tena.

Kushoto, zito.
Katikati, zito.
Pale.
Akagonga mara ya pili, akingoja kitu.

"Sasa ni ukuta," akasema,
akaanza kufungua vifungo vya koti,
kuanzia cha chini.