Wapangaji

Amana, wodi ya wazazi, saa kumi alfajiri.
Nesi Tumpale anapangusa paja la mwanangu
lisilozidi vidole vyangu viwili.
"Vitamini K," anasema. "Tumbo bado tupu.
Wadudu wanaoitengeneza hawajahamia."

Hawajahamia! Mimi wa Buguruni,
chumba kimoja, kodi ya miezi sita mkononi,
na dalali anataka mwezi wake juu,
nikacheka mpaka nyuzi zikanivuta.

Kumbe huyu kazaliwa mwenye nyumba.
Watamjia bila dalali:
kwa ngozi yangu, kwa titi,
kwa busu la shangazi Mwanabaraka
aliyekatazwa, na atabusu tu.
Watakaa gizani, wasijue Dar ina joto,
walipe kila siku, kidogo kidogo,
na vimeng'enya vya ini,
mafundi waliokaa bure kwa kukosa msumari,
waanze kazi.
Siku bati la uzio litakapomchana
damu itatoka,
itasita,
itaganda.

Sindano inaingia. Analia kwa mwili mzima.
Nabonyeza pamba, nahesabu.
Mkopo tu huu, baba, mpaka waje.
Kumi na moja. Kumi na mbili.
Nainua pamba, nachungulia.